Alama Ishirini za Ukosoaji

Kituo kilikuwa huru, mtu asije akasema vinginevyo. Uhuru wake ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kibao cha mlangoni, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, na kila mwaka wizara ilitoa ruzuku ili uhuru huo usipungue. Pango la ofisi, ruzuku. Mishahara, ruzuku. Hata wino wa kuandikia kwamba kituo hakimtegemei mtu, ruzuku hiyo hiyo.

Kazi yao ilikuwa kutafiti mambo ya nje: nchi inapatana na nani, imenuniana na nani, na ifanyeje. Walikuwa watatu tu. Mkurugenzi alikuwa mzee mmoja mrefu aliyeitwa Balozi kwa sababu aliwahi kuwa balozi kweli, ingawa kwa miezi minane, kisha ubalozi wenyewe ukafungwa. Miezi minane ilimtosha kupata jina la maisha. Chini yake alikuwepo mhazili, mama wa watoto wanne, aliyejua kila barua ilipo na kila mtu anadanganya nini. Na alikuwepo mtafiti, ambaye ndiye mwenye hadithi hii. Wenzake walimwita Bi Tanbihi, kwa kuwa hakuweza kuandika sentensi mbili bila kutia kijinamba na kushuka chini ya ukurasa kueleza neno alikolitoa. Siku moja alimwandikia mhazili kikaratasi cha kuomba chai, akaweka tanbihi: sukari kama ya jana.

Sasa, wizara haikuwa ikitoa fedha zake ovyo. Mwisho wa mwaka wa fedha ililetwa fomu ya kupima uhuru wa taasisi. Je, mna ofisi yenu wenyewe? Je, bodi yenu inakutana? Maswali ya kawaida, hayakumtoa mtu jasho. Kimbembe kilikuwa kipengele cha saba: "Je, katika mwaka huu taasisi imeikosoa serikali? Ambatisha ushahidi." Alama ishirini. Ukipata sifuri hapo, wewe si huru, wewe ni kibaraka wa serikali, na serikali haiwezi kutupa fedha za wananchi kwa vibaraka wake.

Basi kila mwaka kituo kiliikosoa serikali. Lakini usitukane wakunga na uzazi ungalipo, Balozi alipenda kusema, kwa hiyo waliikosoa kwa adabu. Mwaka juzi walikosoa ukubwa wa bendera za uwanja wa ndege. Mwaka jana walikosoa kalenda za balozi za nchi, kwamba zinachelewa kuchapwa, mtu anapata ya Januari mwezi wa Aprili. Kurasa tano, tanbihi kumi na saba. Afisa wa wizara aliyesahihisha fomu hizo, bwana mmoja mfupi, mpole, waliyembandika jina la Bwana Alama, alisoma kichwa cha habari tu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Imekaa vizuri," alisema. "Inafinya, lakini haiachi alama."

Mwaka huu Bwana Alama alikuja mapema. Aliketi ofisini kwa Balozi na kikombe cha chai, wakawa wanatafuta cha kukosoa. Balozi alikuwa na wazo la viti vya chumba cha wageni mashuhuri, kwamba ni laini mno na wageni wanasinzia. Bi Tanbihi alikuwepo na daftari lake, lakini akili haikuwepo. Akili ilikuwa kwenye simu aliyopigiwa asubuhi hiyo.

Mdogo wake alikuwa ng'ambo. Nyumbani walimwita Kitinda, maana ndiye wa mwisho, na alideka hivyo hivyo kama kitinda mimba yeyote. Miaka miwili iliyopita alikwenda kufanya kazi za ndani katika nchi ya mbali. Mwenye nyumba alimpokea pasipoti siku ya kwanza, eti amtunzie, na mshahara akawa anampa akijisikia. Kitinda alivumilia hadi alipochomwa na pasi mkononi, ndipo akatoka mlangoni na nguo alizovaa. Sasa alikuwa akilala kwa msichana mwenzake, watu sita chumba kimoja. Nchi yake ilikuwa na ofisi ndogo ya ubalozi katika mji ule, vyumba viwili na dirisha, na karani wa dirishani alimpa tarehe: aje tarehe kumi na nane mwezi ujao achukue hati ya dharura ya kusafiria. Bila hati hiyo hapandi ndege. Bila pasipoti wala hati, akikamatwa barabarani ni jela.

"Dada, wamebandika karatasi mlangoni," Kitinda alisema asubuhi hiyo. "Ofisi inafungwa tarehe thelathini."

"Thelathini ya lini?"

"Ya mwezi huu, dada. Ya mwezi huu huu. Mimi nimeambiwa kumi na nane ya mwezi ujao. Nikamuuliza karani, sasa sisi? Akasema twende ubalozi mkubwa. Ubalozi mkubwa uko nchi nyingine! Naendaje nchi nyingine bila pasipoti? Kwa miguu?"

"Tulia kwanza."

"Wewe si unafanya kazi na hao watu wa mambo ya nje? Waambie!"

Mama yao, aliyekuwa anaishi na Bi Tanbihi, alisikia yote kwa sababu Kitinda hajui kuongea bila kupiga kelele. Simu ilipokatika, mama alikaa kitandani akashika tama.

"Si uwaambie kweli, mwanangu? Si ndio wanaokulipa?"

"Wanatulipa, mama, lakini sisi tuko huru."

"Huru ndiyo kazi gani?" mama aliuliza, na Bi Tanbihi, mwenye shahada mbili, akainuka kutafuta viatu vyake.

Kwa hiyo pale ofisini, Balozi alipofika kwenye kitambaa cha viti, Bi Tanbihi alimkata kauli. Hakuwa na desturi hiyo.

"Tukosoe kufungwa kwa ile ofisi ndogo ya ubalozi," alisema, akaitaja ni ipi.

Balozi alikohoa. Chai ilimpalia kabisa. "Bi Tanbihi! Hilo ni jambo lenyewe lenyewe!"

"Ndiyo, Balozi. Ni jambo."

"Hatujawahi kukosoa jambo."

Wote wawili walimgeukia Bwana Alama, wakidhani atavunja kikao. Yeye alikuwa anachovya biskuti, anafikiri. Kisha alisema kumbe si vibaya. Wakaguzi waliipitia ile ya kalenda wakasema imepooza mno, inanukia kama iliagizwa. Mwaka huu wizara ingependa kitu chenye pilipili. "Kemeeni," alisema. "Kemeeni kabisa, msituonee haya."

Bi Tanbihi alikemea. Siku sita hakulala sawasawa, hakula sawasawa. Alitafuta idadi ya wafanyakazi wa ndani waliokuwa wakihudumiwa na dirisha lile kwa mwezi, akawapigia simu waliorudi, akawauliza walirudije. Mmoja alilia hadi simu ikakatika. Alionyesha kwamba ubalozi mkubwa uko mbali na kwamba anayehitaji hati kwa kuwa hana pasipoti hawezi kuvuka mpaka kuifuata hati hiyo. Hata mtoto wa chekechea analiona hilo, aliandika, akafuta, akarudisha. Kurasa kumi na moja, tanbihi arobaini na tatu. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, naye alijua alipomkabidhi mhazili aichape.

Jibu lilikuja upesi kuliko kawaida. Ishirini kwa ishirini! Haijawahi kutokea. Bwana Alama alipiga simu mwenyewe kutoa hongera. Kesho yake waziri alikutana na waandishi wa habari, akaitoa ripoti hiyo mfukoni mwa koti, akaipunga hewani. "Hawa tunawalipa sisi," alisema, anacheka hadi kidevu kinatikisika, "na tazameni wanavyotuchana! Nani anasema nchi hii haina uhuru wa mawazo?" Wakapiga makofi. Mwandishi mmoja kijana akauliza, je, ofisi itafungwa? Waziri akasema bila shaka itafungwa, tarehe thelathini, kama ilivyopangwa. Akaikunja ripoti akairudisha mfukoni.

Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na mbili.

Bi Tanbihi hakumwambia mtu. Alichukua mkoba wake akaenda wizarani, akapanda ngazi hadi chumba cha Bwana Alama, kilichokuwa mwisho wa ujia, karibu na choo. Kilijaa maboksi. Kila boksi lilifungwa kwa kamba na kuandikwa mwaka, na juu ya yote neno moja: UKOSOAJI. Ripoti yake ilikuwa mezani, inasubiri kamba.

"Nani ameisoma?" aliuliza, hata salamu alisahau.

"Kwema lakini, bibie? Karibu, kaa."

"Nani ameisoma, Bwana Alama?"

"Kuisoma?" Yule bwana alishangaa kweli, hakuwa anafanya mzaha. "Ukosoaji hausomwi. Ukosoaji unaambatishwa."

Bi Tanbihi alikaa. Boksi lilikuwa karibu kuliko kiti, akakaa juu ya boksi la mwaka wa bendera.

"Sasa mnatulipa tuwakosoe kwa ajili gani?"

"Wewe unadhani kwa ajili gani?"

"Ili mjue mnapokosea."

Lahaula! Bwana Alama alicheka, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akacheka tena. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana ilichoma zaidi. Alipopata pumzi alimweleza taratibu, kama mtu anavyomweleza shangazi aliyekuja mjini juzi. Kila mtu anaisifu serikali, alisema. Magazeti ya serikali yanaisifu, wakuu wa idara wanaisifu, kwaya zinaisifu, na hakuna anayeamini, maana wote wanajikomba. Lakini akisifu mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa anatukana? Hapo watu wanatega sikio. "Tunawalipa mtukosoe," alisema, "ili siku mkitusifu iwe na thamani. Mbona ni hesabu ndogo?"

"Na sifa nazo mnaambatisha?"

"Thubutu! Sifa zinakwenda Kitengo cha Hotuba, siku hiyo hiyo, kwa mkono. Vijana wale wanazikata na kuzipachika moja kwa moja kwenye hotuba ya waziri. Tena sasa hivi wanahaha. Jumatano waziri anahutubia bunge, na hawana hata taasisi huru moja iliyosifu chochote. Wote mwaka huu mmekemea tu, sijui mmeingiwa na nini."

Bi Tanbihi alikuwa anautazama mlango. Mtu anayemjua angeona kwamba kuna kitu kimempanda kichwani. Bwana Alama hakumjua hivyo, lakini alikuwa mtumishi mwaminifu, na utumishi ukamlazimu kuongeza neno.

"Ila msije mkasifu lile lile mlilolikosoa," alisema. "Kanuni ya kumi na mbili. Ukosoaji wa mwanzo unafutika, alama ishirini zinaondoka, na mkishapata sifuri kipengele cha saba, ruzuku ndiyo basi. Taasisi isiyosimama kwenye neno lake si huru."

"Asante kwa kunieleza."

"Ndiyo kazi yangu," alisema Bwana Alama, akamfungulia mlango.

Alirudi kwa miguu makusudi, apate kufikiri. Hakutaka kujidanganya: alikuwa anafikiria kuwamwagia wenzake mchanga kwenye chakula. Mhazili ana watoto wanne, baba yao alishajiondokea zamani. Balozi ana presha na pensheni ya miezi minane, ambayo ni kama hakuna. Yeye mwenyewe ana mama, na mama ana dawa. Na upande wa pili yuko Kitinda mmoja, anayedeka, anayepiga kelele, aliyekuwa akimwibia dada yake viatu na kuvirudisha vimepanuka. Bi Tanbihi alisimama kando ya barabara akalia, waziwazi, watu wanapita. Mwanamke mmoja muuza vocha alimpa karatasi ya kufutia pua wala hakumuuliza kitu.

Alipofika ofisini aliandika ukurasa mmoja. "Pongezi kwa Serikali," uliitwa. Kituo, baada ya utafiti wa kina, kilikiri kwamba kilikuwa na haraka katika ukosoaji wake. Sasa kimeridhika, na kinaipongeza serikali kwa uamuzi wake wa busara, wa kizalendo na wenye kuona mbali wa kuongeza muda wa ofisi ile ndogo ya ubalozi kwa miezi sita zaidi, ili kumaliza kuwahudumia wananchi wake wote waliokwisha kupewa tarehe. Kilemba cha ukoka kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakuweka hata tanbihi moja, maana angeweka nini? Uamuzi wenyewe ulikuwa haupo.

Mhazili aliusoma akiwa amesimama.

"Huu uamuzi wameufanya lini?"

"Bado hawajaufanya."

"Hee!" Akausoma tena. Bi Tanbihi alimweleza yote, Kitengo cha Hotuba, kanuni ya kumi na mbili, ruzuku, hakuficha. Alimwambia akisema hapana, basi, karatasi hiyo itachanwa hapo hapo.

Mhazili alitazama picha ya wanawe chini ya kioo cha meza. "Mwenye duka hapo chini amenisumbua tangu mwaka jana nikamshikie vitabu vyake," alisema hatimaye. "Nilikuwa namringia tu. Nilijiona mtu wa mambo ya nje." Akavuta kiti, akaanza kuchapa. "Yule mtoto amechomwa na pasi kweli?"

"Hapa." Bi Tanbihi alionyesha juu ya kiganja.

"Mijitu mingine haina hata haya," alisema mhazili, na vidole vyake vikagonga kwa nguvu zaidi.

Sasa akabaki Balozi. Hapo ndipo palipokuwa rahisi kuliko kote, na Bi Tanbihi alilijua hilo. Mkurugenzi alisoma ukosoaji neno kwa neno, alisoma hati za pango, alisoma hata maelezo ya dawa zake hadi anwani ya kiwanda. Lakini karatasi iliyoandikwa juu yake "Pongezi" hakuisoma kamwe. Pongezi haijawahi kumfunga mtu, alikuwa akisema, akisaini huku anaongea na simu. Ilikuwa desturi ya ofisi zote za namna ile.

Alimkuta anakunywa chai. Akaiweka karatasi mezani. Balozi aliona neno la juu, akachomoa kalamu, akainama. Wino ulishagusa karatasi.

"Balozi," alisema Bi Tanbihi. "Isome kwanza."

"Si pongezi hii?"

"Isome hata hivyo."

Aliisoma. Alipomaliza aliishika karatasi mbali na macho, kama wazee wanavyofanya, akaisoma tena. Kisha alisema polepole, "Unajua hii itatufunga."

"Najua. Bwana Alama amenieleza."

"Na ungeniacha nisaini, nisingejua hadi Jumatano."

"Ndiyo, Balozi. Nisamehe. Yuko mdogo wangu kule." Akamwambia habari za Kitinda. Alijaribu kuzisema kwa mpangilio, kwa takwimu, lakini alipofika kwenye watu sita chumba kimoja takwimu zilimkimbia.

Balozi aliondoka mezani akaenda dirishani. Chini pale vijana walikuwa wanapakia godoro kwenye gari dogo, halitoshi, wanalikunja, linafunguka. Alilitazama godoro lile weee, kama lilikuwa na maana.

"Siku nilipofunga ubalozi wangu," alisema, bado amewapa mgongo chumba na Bi Tanbihi, "kulikuwa na foleni nje. Watu kama kumi na tano. Simu ya kufunga ilikuja saa nne asubuhi, nikaambiwa fungeni sasa hivi. Nikatoka na funguo. Mwanamke mmoja akanionyesha kikaratasi cha tarehe, akaniambia, baba, mimi ni wa kesho kutwa. Nikamwambia, mama, nenda tu, watakupigia." Alipangusa kioo cha dirisha kwa kiganja. "Hakuna mtu aliyekuwa na namba yake. Watampigiaje? Nilisema tu ili aondoke mlangoni."

Bi Tanbihi aliisogeza karatasi katikati ya meza.

Balozi alirudi akakaa, akavuta karatasi, akaweka saini yake ndefu yenye mikia, ile aliyojifunza kwa ajili ya mikataba ambayo hakuwahi kuisaini. "Na kwa taarifa yako," alisema, akifunika kalamu, "nimechoka kuwa huru. Miaka tisa! Peleka mwenyewe kwa mkono, wasije wakaiambatisha."

Kitengo cha Hotuba kilikuwa vijana watatu wenye macho mekundu. Waliipokea karatasi ile kama wenye njaa wanavyopokea sinia. Mmoja aliuliza, kwa adabu tu, kama wana kumbukumbu ya uamuzi huo. Mwenzake akamwambia asilete ukuda, kituo hiki kina ishirini kwa ishirini, hawa hawabahatishi.

Jumatano saa tano walikusanyika watatu wote chumbani kwa Balozi, simu ya mhazili imeegemezwa kwenye kopo la kalamu, bunge moja kwa moja. Waziri alizungumzia bandari. Akazungumzia undugu na majirani. Mhazili alikuwa anakula kucha. Kisha waziri alifungua ukurasa, akasafisha koo, akainua kidole.

"Mheshimiwa Spika, wapo wanaosema hatuwajali watu wetu walio nje. Sikilizeni taasisi huru inasema nini! Taasisi iliyotukemea wiki iliyopita tu, mliona wenyewe! Leo inatupongeza kwa uamuzi wetu wa busara, wa kizalendo na wenye kuona mbali..." Akausoma wote. Miezi sita na yote. Alipofika kwenye "wote waliokwisha kupewa tarehe" sauti yake ilipanda, na wabunge wa upande wake wakagonga meza hadi kipaza sauti kikalia. Uso wa waziri haukuonyesha hata chembe ya kushtuka. Alikuwa mtu anayesikia habari njema kuhusu nafsi yake, na habari za namna hiyo hakuna anayezihoji.

Mhazili alipiga kigelegele hadi duka la chini wakauliza kuna harusi. Balozi alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Bi Tanbihi alikaa chini sakafuni, na gauni lake la kazini.

Mengine aliyaleta Bwana Alama siku ya Ijumaa, hataki hata chai. Kumbe wizarani kulizuka mtafaruku usio na kelele. Kila idara ilidhani uamuzi ulifanywa na idara nyingine. Hakuna aliyethubutu kumwendea waziri akamwambia, mheshimiwa, ulilolitangaza bungeni halipo. Nani atamfunga paka kengele? Ikawa rahisi zaidi kulifanya liwepo. Kamati ilikaa Alhamisi ikafanya uamuzi, ikauandika tarehe ya Jumatatu, muhtasari ukapigwa mhuri, na simu ikapigwa ng'ambo: karatasi ya mlangoni ibanduliwe.

"Sasa kuhusu fomu yenu," alisema Bwana Alama, na sauti ikamfifia. Aliiweka mezani. Kipengele cha saba kilikuwa kimekatwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa sifuri, sifuri nono ya mviringo. "Nilikuonya, bibie. Kanuni ya kumi na mbili. Nimelazimika kuandika kwamba kituo hiki kinaipendelea serikali."

"Andika tu," alisema Balozi. "Ni kweli, tunaipenda mno."

Bwana Alama aliwatazama mmoja mmoja. Huenda alielewa, huenda hakuelewa. Aliaga kwa mikono miwili, na mlangoni aligeuka akasema ile ripoti ya kurasa kumi na moja amekwenda nayo nyumbani, ameisoma yote, na mke wake pia. Kisha akashuka ngazi haraka.

Kibao cha mlangoni kilitolewa mwisho wa mwezi. Mhazili alihamia chini kwa magodoro na baada ya wiki mbili alikuwa anamkaripia mwenye duka. Balozi alikwenda kwa mwanawe. Bi Tanbihi alibaki nyumbani na mama, akiandika maombi ya kazi yenye tanbihi, ambayo hayakujibiwa, na kila asubuhi mama alimwuliza, vipi, umekuwa huru kabisa sasa? Alikuwa anatania, lakini hela ya dawa haikuwa utani, na wote wawili walijua.

Tarehe kumi na nane, saa nane mchana, simu iliita. Ilikuwa Kitinda, na kelele zake zilimtangulia.

"Dada! Ninayo! Ninayo mkononi, ina mhuri na picha yangu mbaya! Nasafiri Jumamosi!"

Mama alidondosha kikombe. Bi Tanbihi alisema "Eh" na "Haya" na "Eh" tena.

"Lakini nikwambie kitu, dada, unajua kwa nini hawakufunga? Karani amenisimulia. Eti kuna kituo huko kwenu, wasomi wazima, wamekaa wakaiandikia serikali barua ya sifa. Sifaaa! Uamuzi wa busara, sijui wa kizalendo, yaani wanajikomba hadi aibu. Watu wanaishi kwa kulamba viatu hivyo hivyo, na wamesoma! Wewe si unafanya kazi na watu wa mambo ya nje? Unawajua hao?"

Bi Tanbihi aliufunika mdomo kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kicheko nacho kilikuwa kinampanda, vyote kwa pamoja, asijue kipi akitangulize.

"Nawajua," alisema alipoweza. "Waache tu, mdogo wangu, ni watu ovyo. Wewe njoo nyumbani."